Kuwauliza Wafini kuhusu imani yao: anzia makaburini, si kanisani

Rasimu nyingi za hojaji ninazoletewa na wanafunzi wanaoanza kutafiti dini nchini Ufini hufunguliwa na swali lilelile: "Unakwenda kanisani mara ngapi?" Ushauri wangu haubadiliki: litoe hapo juu. Swali lenyewe si baya. Limo katika tafiti zote kubwa na utalihitaji wakati wa kulinganisha. Lakini ukilitanguliza, mwanamume wa miaka hamsini anayeishi Lahti atajibu "chini ya mara moja kwa mwaka", atahesabu kwamba ameshakueleza kuwa yeye si mtu wa dini, na maswali yote yanayofuata atayajibu kwa namna ya kulilinda jibu hilo la kwanza. Kumbe mtu huyohuyo kila mkesha wa Krismasi huwachukua watoto wake wakawashe mshumaa kwenye kaburi la bibi yao. Anakatwa kodi ya kanisa kwenye mshahara na hajawahi kulalamika. Watoto wote amewabatizisha. Na sala ya kulalia aliyofundishwa utotoni anaijua mpaka leo.

Nimefanya kazi ya kuandaa hojaji na kuhoji watu huko kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo juu ya jambo moja: kwa Wafini, uanachama, imani na matendo ni vitu vitatu, na kila kimoja kina njia yake. Anayevichanganya atatoka na picha ya taifa lisilo na dini, au ya taifa la Kilutheri tupu, na zote mbili ni za uongo. Maelezo haya nawaandikia hasa wenzangu wanaosoma Tampere, Turku, Helsinki na Joensuu, wanaotaka kuingia katika somo hili kwa ajili ya tasnifu, lakini hata anayetaka tu kujua kazi hii hufanywaje atayafuata.

Soma kwanza yaliyoulizwa na wengine

Usitunge swali kabla hujaona maswali yaliyopo. Tampere kuna hifadhi ya data za sayansi ya jamii, kwa kifupi FSD, iliyoanzishwa mwaka 1999. Kupitia tovuti yao iitwayo Aila unaweza kupata data na hojaji za tafiti nyingi, nyingine bila hata kujisajili. Tafuta mradi wa kimataifa wa tafiti za jamii, ISSP, ambao umeshika mada ya dini mwaka 1991, 1998, 2008 na 2018. Tafuta European Social Survey, utafiti wa kijamii wa Ulaya unaoendelea tangu 2002, ambamo mhojiwa hujiweka mwenyewe kwenye mizani ya 0 hadi 10 kuonyesha yeye ni mtu wa dini kiasi gani. Kuna pia utafiti wa maadili wa Ulaya, EVS, na ule wa dunia, WVS. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri nalo lilianzisha kituo chake cha utafiti mwaka 1969. Kila baada ya miaka minne hutoa taarifa nene kuhusu hali ya kanisa na dini nchini, ikitegemea kura yake ya maoni iitwayo Gallup Ecclesiastica.

Swali ukiliazima, liazime lilivyo, neno kwa neno, pamoja na mpangilio wa majibu yake. Ukibadilisha hata jibu moja, ulinganifu umekwisha.

Katika Gallup Ecclesiastica ya mwaka 2007, asilimia 37 ya waliohojiwa walisema wanamwamini Mungu kama Ukristo unavyofundisha. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 27. Kushuka kwa pointi kumi ndani ya miaka minne ni jambo kubwa, na ukiishia kwenye namba hizo utaandika kwamba Wafini wanamwacha Mungu mbio. Sasa tazama kilichotokea katikati. Oktoba 2010 televisheni ya taifa ilirusha mjadala kuhusu haki za mashoga. Katika wiki zilizofuata watu wapatao 40,000 walijiondoa kanisani, wengi wao kwa kujaza fomu kwenye mtandao tu, na mwaka ule ulipoisha waliojitoa walikuwa takriban 83,000. Rudi sasa usome maneno ya swali: "kama Ukristo unavyofundisha." Kwa maoni yangu, sehemu ya waliolikataa jibu hilo mwaka 2011 hawakuwa wanamkataa Mungu. Walikuwa wanajitenga na sauti waliyoisikia kwenye televisheni ikisema kwa jina la Ukristo. Ndiyo maana kila jedwali lako lazima liandikwe tarehe ya ukusanyaji na maneno kamili ya swali, tena palepale chini yake, si kwenye kiambatisho.

Uanachama: sajili inajua mengi, lakini si yote

Ufini ina bahati ambayo watafiti wa nchi nyingi hawana. Sajili ya taifa ya watu, inayotunzwa na wakala uitwao DVV, huandika kila mkazi ni mwanachama wa jumuiya gani ya kidini iliyosajiliwa, au kwamba hana. Kutokana na hapo Tilastokeskus, idara ya takwimu, hutoa hesabu kwa umri, jinsia na manispaa. Mwaka 2000 asilimia 85 ya watu walikuwa Walutheri. Mwishoni mwa 2023 walikuwa karibu asilimia 64, na jijini Helsinki wameshashuka chini ya nusu. Waorthodoksi, ambao kanisa lao nalo lina hadhi ya pekee kisheria, ni takriban asilimia 1. Wasio na jumuiya yoyote wamefika kama theluthi ya watu wote.

Namba hizo ni safi, lakini nyuma yake kuna watu ambao sajili haiwaoni sawasawa, na hapa ndipo mtafiti mgeni hupotea.

Wapentekoste kwanza. Sharika zao nyingi kwa desturi zimesajiliwa kama vyama vya kawaida, si kama jumuiya za kidini. Kwa hiyo Mpentekoste anayesali kila siku anaweza kuonekana kwenye sajili kama "hana dini", na mwenzake wa benchi moja akaonekana Mlutheri kwa sababu hajawahi kujitoa. Waislamu ni vivyo hivyo. Watatari, waliofika tangu enzi ya utawala wa Urusi, wana jumuiya yao iliyosajiliwa tangu 1925 na hesabu yao inajulikana. Lakini Waislamu wengi waliokuja kuanzia miaka ya 1990, wakiwemo Wasomali, hawajajiandikisha popote. Huko hakuna anayehitaji kadi ili aingie msikitini kuswali.

Kisha kuna wanaofichwa na wingi. Wafuasi wa Laestadius, mchungaji wa karne ya 19 aliyehubiri uamsho kaskazini, hawakutoka Kanisa la Kilutheri. Wamo ndani yake, hasa Ostrobothnia ya Kaskazini na pande za Oulu, na pia katika pwani ya wanaozungumza Kiswidi kama kule Larsmo. Mikutano yao mikubwa ya majira ya joto hukusanya makumi ya maelfu. Lakini kwenye sajili, mama wa Kilaestadius mwenye watoto tisa anayesali asubuhi na jioni na mwanafunzi wa Helsinki ambaye hajakanyaga kanisani tangu kipaimara ni kitu kimoja: Mlutheri.

Kwa hiyo usiridhike na swali moja. Uliza kama mtu ni mwanachama wa jumuiya iliyosajiliwa, na ipi. Halafu uliza, bila kujali usajili, anajihesabu kuwa wa dini au mapokeo gani. Halafu uliza kama yeye au familia aliyokulia ina uhusiano na harakati yoyote ya uamsho, ukizitaja kwa majina, na uweke nafasi tofauti kwa "nilikulia humo lakini sasa simo". Nafasi hiyo ya mwisho ina maana sana. Wapo watu ambao maisha yao yote ya kimaadili yanaelezeka kwa kuondoka kwao huko, na hojaji isiyo na mahali pa kulisema hilo imewafuta.

Ongeza swali la sababu. Kwa nini umebaki? Kwa nini ulitoka? Kodi ya kanisa ni kati ya asilimia 1 na 2.25 ya mapato, kufuatana na usharika, na watu wengi hutaja pesa wanapotoka. Wanaobaki hutaja maziko, kazi za huruma za kanisa kwa wazee na maskini, na kutaka kuwa mzazi wa ubatizo wa mtoto wa ndugu. Kwa kauli ya wengi, kubaki ni namna ya kushikamana na waliowatangulia.

Matendo: fuata kalenda yao

Hapa naomba utulie nami, maana ndipo hojaji nyingi huwa na njaa.

Ukitaka kuwaona Wafini wakitenda dini, nenda kwenye kalenda. Mkesha wa Krismasi, saa za alasiri giza likiwa limeshaingia, makaburi ya nchi nzima huwaka mishumaa, na magari hujipanga nje ya malango. Jambo hilohilo hutokea Siku ya Watakatifu Wote, Jumamosi inayoangukia kati ya 31 Oktoba na 6 Novemba, ambapo sharika nyingi husoma majina ya waliofariki mwaka huo. Majuma ya kabla ya Krismasi makanisa hujaa watu wanaokuja kuimba pamoja nyimbo za Krismasi, desturi iliyoanza 1973 na ambayo huchangisha fedha za misioni. Mwisho wa mwaka wa shule huimbwa wimbo wa dini wa majira ya joto, na mjadala kama unafaa kuimbwa shuleni uliwahi kufika mpaka kwenye kamati ya katiba ya bunge, ambayo mwaka 2014 iliona haukatazwi.

Halafu kuna kipaimara. Kwa vizazi vingi, kijana wa miaka kumi na mitano nchini humo amekwenda rippikoulu, mafunzo ambayo sehemu yake kubwa siku hizi ni kambi ya kiangazi kando ya ziwa. Asilimia kubwa ya vijana bado hupita hapo, wakiwemo wengi ambao wazazi wao hawaendi kanisani. Nimehoji watu wazima waliosema hawaamini lolote, kisha nilipowauliza kuhusu kambi yao wakazungumza nusu saa: nyimbo, moto wa usiku, mchungaji kijana aliyewasikiliza. Usiulize tu "Ulipata kipaimara?" Uliza pia ilikuwa ya namna gani na imeacha nini. Kwenye maswali yanayojibiwa na vijana wa kambi hizo, wavulana wameanza kuonyesha imani zaidi kuliko watangulizi wao wa miaka michache tu nyuma. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu achimbe hapo, kwa sababu maelezo ya uhakika ya jambo hili bado yanahitajika.

Kwa hiyo badala ya swali moja la mahudhurio, weka orodha ya matendo na uulize: katika miezi 12 iliyopita, umefanya lipi kati ya haya? Kuwasha mshumaa kaburini. Kuhudhuria ubatizo, ndoa au maziko ya kikanisa. Kuimba nyimbo za Krismasi kanisani. Kusikiliza ibada redioni au kuitazama mtandaoni. Kusali peke yako. Kusali na mtoto kabla hajalala. Kuingia kanisani kusipokuwa na ibada, ukaketi tu. Kutoa mchango kwa kazi ya kanisa. Kukaa kimya msituni au ufukweni kwa makusudi ya kuituliza roho. Hilo la mwisho wenzangu wengine hulipinga, wakisema si dini. Mimi huliweka, maana wahojiwa hulitaja wenyewe wasipoulizwa, na kazi ya hojaji ni kupokea wanachokisema.

Ukifika mashariki, ongeza mambo ya Waorthodoksi. Wengi wa kizazi cha wazee ni watoto wa Karelia iliyochukuliwa na Urusi ya Kisovieti wakati wa vita, na hata watawa wa monasteri ya Valamo walihama na picha zao takatifu mpaka Heinävesi mwaka 1940. Uliza kuhusu ikoni nyumbani, ukumbusho wa marehemu, mkesha wa Pasaka. Na kuwa mwangalifu na tarehe: Waorthodoksi wa Ufini huadhimisha Pasaka siku moja na Walutheri, ilhali wahamiaji wengi wa Kiorthodoksi kutoka Urusi au Ethiopia wamezoea kalenda nyingine. Ukiandika "Pasaka ya mwaka huu" bila maelezo, utapata majibu ya siku mbili tofauti.

Imani: mpe mtu ngazi, si ndiyo na hapana

Swali la "Je, unaamini Mungu yupo?" lenye majibu mawili halifai huko. Nimelijaribu kwa mdomo, na watu hukunja uso kama waliotakiwa kutia saini mkataba hawajausoma. ISSP ina ngazi sita: kutoka "siamini kuwa Mungu yupo", kupitia "sijui, wala sioni njia ya kujua", "nguvu fulani ya juu", "wakati mwingine naamini, wakati mwingine siamini", na "nina mashaka lakini naona naamini", mpaka "najua yupo, sina shaka". Wafini hutawanyika kwenye ngazi zote hizo. Ukizipunguza zikawa mbili umetupa karibu kila kitu ulichokuja kukitafuta.

Jihadhari na neno uskovainen. Kamusi itakuambia ni muumini, lakini kwa masikio ya Mfini ni mtu aliyeokoka, wa harakati ya uamsho, mwenye msimamo mkali kidogo. Mlutheri wa kawaida anayesali kila usiku atalikana. Tumia sentensi kamili zinazoeleza tendo au fikra, usitumie majina ya aina za watu.

Mafundisho yatenganishe moja moja: ufufuo wa Yesu, maisha baada ya kifo, malaika, kukutana tena na wapendwa waliokufa. Usishangae kukuta anayekataa la kwanza na kukubali la mwisho. Majibu hayo hayajagongana, na ukimwuliza mhusika atakueleza vizuri kabisa kwa nini anayashika pamoja. Weka pia nafasi ya "sijui" ya kweli, na usiihesabu pamoja na waliokataa.

Maadili: yatangulize mbele ya dini

Mpangilio nilioukuta unafaa ni huu: maadili kwanza, matendo, imani, na mwisho uanachama. Mtu akishajitangaza kuwa Mlutheri au kuwa hana dini, hujibu maswali ya maadili akiwa amevaa joho hilo. Ukiwa na wahojiwa wa kutosha, wagawe nusu kwa nusu kwa bahati nasibu, wengine waanze na maadili na wengine na dini, uone tofauti inayotokana na mpangilio peke yake.

Tafiti za maadili za Ulaya na dunia hutumia mizani ya 1 hadi 10, kutoka "haihalalishiki kamwe" mpaka "inahalalishika daima". Mizani hiyo ni nzuri, lakini usitie mambo ya mwili tu. Hojaji nyingi huuliza talaka, utoaji mimba, mapenzi ya jinsia moja na kifo cha hiari, kisha zikaishia hapo, utadhani maadili yanaishi chumbani na hospitalini. Huko Ufini maswali ya kukwepa kodi, kupanda tramu bila tiketi, kuchukua ruzuku usiyostahili na kuficha kipato hufunua mengi, kwa sababu kuaminiana na kuiamini dola ni kiini cha maisha yao. Wapo wanaokubali karibu kila kitu kwenye mambo ya faragha, lakini kwenye kodi wanasimama imara kwenye 1.

Tenganisha sheria na dhamiri. Ndoa ya watu wa jinsia moja ilianza kutambuliwa kisheria tarehe 1 Machi 2017. Marekebisho makubwa ya sheria ya utoaji mimba ya 1970 yalianza kutumika Septemba 2023. Pendekezo la wananchi kuhusu kumsaidia mgonjwa kufa lilikataliwa na bunge mwaka 2018. Mhojiwa anaweza kuunga mkono sheria ambayo yeye binafsi asingeitumia. Uliza mawili: serikali iruhusu? Na wewe ungefanya? Ndani ya kanisa pia kuna historia ya kuizingatia. Sinodi iliamua mwaka 1986 wanawake wapewe uchungaji, wa kwanza wakawekewa mikono 1988, na Helsinki ikapata askofu mwanamke 2010. Kwa wengi jambo hilo limekwisha, ila kwenye baadhi ya harakati za uamsho bado linawagawa watu, hivyo swali hilo hutenganisha makundi vizuri kuliko mengi mengine.

Kwa upande wa thamani za jumla, zile za kusaidia, usalama, mapokeo na uhuru, tumia maelezo mafupi 21 ya mwanasaikolojia Shalom Schwartz yaliyomo European Social Survey. Yameshapimwa, na kutunga yako ni kupoteza muda.

Sampuli

Omba sampuli nasibu kwa DVV. Utajaza maombi, utaeleza kusudi, utalipa, utasubiri. Anza mapema.

Angalia mipaka ya umri. ISSP ya Ufini imezoea kuchukua watu wa miaka 15 hadi 74, ilhali European Social Survey huanzia 15 na haina kikomo cha juu. Wazee wa miaka themanini ndio wanaosali zaidi. Ukilinganisha tafiti hizo mbili bila kuwatoa, utaiona dini ikipanda au kushuka kwa sababu ya watu walioachwa nje tu.

Fanya hesabu kabla hujatuma. Ukituma barua 2,500 na zikarudi 1,000, makadirio yako kwa taifa zima yatakuwa na kosa la takriban pointi 3 juu au chini. Lakini Waorthodoksi humo watakuwa kama 10. Huwezi kusema lolote kuhusu watu 10. Kama unawataka, gawa sampuli kwa matabaka ya mikoa, ongeza Karelia Kaskazini na Ostrobothnia ya Kaskazini, kisha wakati wa uchambuzi rudisha uwiano kwa kuyapa majibu ya mikoa hiyo uzito mdogo zaidi. Hapohapo sajili inakufaa mara ya pili: linganisha uanachama waliouandika wahojiwa wako na ule wa Tilastokeskus kwa kila rika. Ukiona Walutheri wamejaa kwenye majibu kuliko kwenye sajili, ujue waliopuuza barua yako hawakuwa watu wa aina moja na waliojibu, na usahihishe uzito ipasavyo.

Tuma hojaji ya karatasi pamoja na kiungo cha mtandaoni. Kifini na Kiswidi ni lazima, Kiingereza na Kirusi ni busara, na zaidi ya hapo kufuatana na mfuko wako. Usitume Julai, watu wako kwenye nyumba zao za ziwani. Septemba na Oktoba ni bora. Ukusanyaji ukivuka Siku ya Watakatifu Wote, andika tarehe ya kila jibu, maana aliyetoka makaburini jana hajibu kama aliyekwenda mwaka jana.

Faragha, na adabu ya mlangoni

Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya data binafsi, imani ya mtu ni habari ya kundi la pekee, yenye ulinzi mkali. Andika taarifa ya faragha kwa lugha nyepesi, fanya tathmini ya athari pale inapohitajika, na usikusanye usichokihitaji. Katika manispaa yenye watu mia chache, mwanamke wa Kiorthodoksi wa miaka 34 anajulikana hata bila jina. Uliza mkoa badala ya manispaa, na rika badala ya mwaka wa kuzaliwa. Kwa vijana, miongozo ya maadili ya utafiti humruhusu mwenye miaka 15 kukubali mwenyewe. Chini ya hapo zungumza na mzazi, au upeleke mpango wako kwenye kamati ya maadili ya chuo.

Ukihoji ana kwa ana, vua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kahawa ukipewa kunywa. Wazee wengine hupenda kuanza kwa "te", yaani "ninyi" ya heshima, na wao wenyewe watakuambia uwaite kwa jina. Jambo kubwa ni kimya. Ukimwuliza Mfini anafikiri nini kuhusu kifo, atanyamaza, tena kwa muda mrefu. Usijaze nafasi ile kwa kurudia swali wala kumpendekezea jibu. Anafikiri, na anakuheshimu kiasi cha kutokujibu ovyo. Bibi mmoja huko Joensuu alinijibu "hapana" kwenye karibu kila swali la matendo. Nilikaa kimya nikaandika. Mwisho akaniuliza kama naweza kusubiri dakika, akaenda chumbani na kurudi na ikoni ndogo ambayo mama yake aliibeba kifuani wakati wa kuhamishwa kutoka Karelia. Hakuwa amenidanganya. Orodha yangu ndiyo haikuwa na mahali pa kitu kile, na tangu hapo kila hojaji yangu ina swali la wazi: "Je, kuna kitu, mahali au desturi yenye maana ya kiroho kwako ambayo hatujaiuliza?" Acha mistari ya kutosha chini yake.

Uchambuzi na uwekaji wa data

Toa majedwali matatu tofauti ya uanachama, imani na matendo kabla hujathubutu kuyakutanisha. Kisha yakutanishe: wanachama wasioamini, waamini wasio wanachama, watendaji wasio lolote kati ya hayo. Makundi hayo ya pembeni ndiyo yatakayokupa sura nzuri kuliko zote za tasnifu yako. Usijenge kipimo kimoja cha "udini" kwa kujumlisha kila kitu. Mshumaa wa kaburini na imani ya ufufuo havina kizio kimoja.

Kazi ikiisha, ipeleke data FSD ikiwa imeondolewa utambulisho. Waambie wahojiwa tangu kwenye barua ya kwanza kwamba utafanya hivyo, kwa sababu ruhusa hiyo haiombwi baadaye. Ambatanisha hojaji kwa lugha zote ulizotumia, tarehe za kuanza na kumaliza, idadi ya barua zilizotumwa na zilizorudi, na maelezo ya uzito. Majibu ya swali la wazi yasome yote kwa macho yako kabla ya kuyatuma, ufute majina ya watu na vijiji yaliyoandikwa humo.